Swali la Arobaini na Moja

Ofisini walimwita Mama Kwanini, na jina hilo halikuwahi kumkera. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye majengo mapya, watu wakishahamia, na kupima kama maisha humo yanakwenda: kama wanajuana, wanasaidiana, au kila mmoja anatafuta pa kukimbilia. Alitumia fomu ya maswali arobaini, iliyoandikwa na Mwalimu, msanifu majengo aliyemfundisha chuoni na ambaye sasa ndiye mkuu wake.

Safari hii alitumwa kwenye jengo ambalo Mwalimu alilichora kwa mkono wake. Lilikuwa na nyumba sitini na nne, na wakazi wake wote walitoka mtaa mmoja uliobomolewa kupisha barabara. Majengo mengine sita ya sura ileile yalingoja ripoti yake tu yaanze kujengwa.

"Siku mbili zinakutosha," Mwalimu alimwambia. "Jengo lenyewe unalijua."

Siku ya kwanza alijaza fomu mpaka vidole vikafa ganzi. Ua upo? Upo. Viti vya kupumzikia? Kumi na viwili. Bembea za watoto? Zipo. Taa? Zinawaka. Jumla, alama themanini na saba kwa mia. Angeweza kufunga mkoba akaenda zake, ila jambo moja lilimkwama rohoni. Vile viti vya uani vilikuwa vipya kabisa, rangi haijachubuka hata kidogo, na jengo lina miaka mitatu.

Akapanda ngazi. Ghorofa ya tatu aliwakuta wanawake wanne wamejibana kwenye kona ya ngazi wakichambua mboga, kila anayepita akiwaruka miguu.

"Jamani, dada zangu, kule chini kuna ua mzima. Kwa nini mbanane hapa?"

"Kule chini nani anakuona?" mmoja akajibu bila kuinua macho. "Madirisha yote yametazama barabarani. Ua umeachiwa ukuta na mabomba ya choo. Hapa angalau tunasikia milango ikifunguliwa. Tangu yaliyomkuta fundi, hatubanduki."

Fundi cherehani aliishi mlango wa pili. Alimfungulia akiegemea mkongojo, akamsogezea stuli.

"Niliteleza jikoni, mwanangu, nyonga ikavunjika. Siku mbili niko sakafuni. Nilipiga sufuria kwa mwiko mpaka mkono ukaniishia nguvu. Kule tulikotoka nilikuwa nashonea mlangoni. Cherehani ikinyamaza nusu saa tu, mtu anauliza, 'Fundi, umesinzia?' Jirani yangu hapa ni yuleyule wa kule, miaka ishirini tunaazimana chumvi. Alidhani nimesafiri."

"Sasa nani alikukuta?"

"Mteja aliyefuata gauni lake." Fundi akacheka. "Na alinigombeza kwanza, kwamba halijaisha!"

Mama Kwanini alipotoka, alisimama koridoni, akaandika kwa kalamu chini ya swali la arobaini: *Ukianguka ndani, nani atajua, na baada ya muda gani?* Kisha akajifunga kibwebwe. Aligonga milango yote, mmoja baada ya mwingine, na zile siku mbili zikawa tano. Mwalimu alipopiga simu kuuliza amepotelea wapi, alimjibu, "Bado nina milango."

Mwanamume mmoja aliliona swali hilo la kuchekesha. Halafu akamgeukia mkewe: "Hivi kweli, nani?"

Nyumba arobaini na tano hazikuwa na jibu.

"Swali hili halimo kwenye fomu," Mwalimu alisema, ripoti ikiwa mezani.

"Ndiyo maana nimeliongeza."

"Unanivua nguo mbele ya watu, mwanafunzi wangu."

"Heshima yangu kwako iko palepale, Mwalimu. Lakini sahihi yangu chini ya themanini na saba huipati. Twende ukamsikilize fundi mwenyewe."

Alikwenda, uso umemvimba. Fundi alimsimulia yote bila kumlaumu, kisha akachukua sufuria na mwiko. Mama Kwanini akamwongoza Mwalimu hadi nyumba ya jirani, wakafunga mlango, wakasimama jikoni. Mwalimu aliweka sikio ukutani. Kimya.

"Mwambie aanze," alisema.

"Alishaanza, Mwalimu."

Mzee wa watu alibaki vilevile, sikio ukutani, kwa muda mrefu.

Ujenzi wa yale sita ulisogezwa mbele miezi saba. Michoro mipya iliyageuza majiko yote yafungue madirisha koridoni, na milango ikatazamana, ua ukiwa katikati. Jengo la zamani halikuponyeka lote, kwa kuwa kuta za upande wa ua ndizo zilizobeba ghorofa. Kilichowezekana ni kutoboa stoo mbili za chini zifungukie uani, fundi na wengine wa kazi za mikono wakahamishia shughuli zao humo. Wanawake watatu wa ngazini walishuka. Wa nne aligoma katakata.

Mwalimu alikaa wiki kadhaa akimsalimu Mama Kwanini kwa mdomo mzito, salamu tu na kazi. Kisha asubuhi moja alimtandazia mezani mchoro wa shule.

"Hii bado haijachimbwa msingi," alisema. "Itafutie makosa sasa."

Mama Kwanini akavuta kiti, akaanza na madirisha.