Nyumba Iliyofuata Saa za Ofisi

Saa mbili kamili asubuhi, siku ya Jumatatu, Nafuna alikuwa akimimina uji wakati nyumba yake ilipoondoka. Haikutikisika, wala uji haukumwagika. Alipofungua mlango ili atupe majani ya chai, aliona duka la Wamboi mahali palipokuwa na mipapai yake, na Wamboi mwenyewe akipanga nyanya mafungu mafungu juu ya meza.

"Mama Naliaka, umeniziba," Wamboi alisema. "Sasa wateja wataniona wapi?"

"Nisamehe. Sijui nitakaa hapa hadi lini."

"Basi fungua hilo dirisha la nyuma, wanunue kupitia kwako."

Nafuna alilifungua. Nyumba ilikuwa imesimama katikati ya barabara ya vumbi inayoingia Gatongora kutoka upande wa Ruiru mjini, mita sabini na mbili kutoka kwenye ploti yake. Ilikuwa nyumba ya mawe, yenye vyumba viwili na paa la mabati ya buluu. Yeye na mumewe Boaz waliijenga kwa miaka tisa, Boaz akibeba magunia katika kiwanda kimoja cha Thika, naye akishona sare za shule. Mwaka mmoja ulileta kozi tatu, yaani safu tatu za mawe ya ukuta. Mwaka mwingine ulileta fremu ya mlango peke yake.

Pikipiki zilipunguza mwendo, zikaupita ukuta wa jikoni, zikaendelea na safari. Saa saba kamili nyumba ilirudi kwenye ploti. Saa nane ikaenda tena barabarani. Saa kumi na moja jioni ikarudi na kutulia. Jumamosi na Jumapili haikutoka, na wiki iliyofuata, siku ya sikukuu ya kitaifa, haikutoka pia. Boaz alikuwa nyumbani siku hiyo. Alikaa mlangoni tangu alfajiri hadi adhuhuri akiwa ameshika saa mkononi.

"Hizi ni saa za ofisi," alisema. "Hata mapumziko ya chakula inachukua."

Ofisi yenyewe waliijua. Mwezi uliotangulia, Idara ya Ramani na Anwani ilikuwa imetuma vijana wenye tableti wapite Gatongora nzima, ili kila nyumba ipewe nukta yake kwenye ramani ya kompyuta. Kazi haikuwa ngumu. Kijana alitakiwa asimame kwenye kizingiti, asubiri tableti ipate setilaiti, aandike jina la mwenye nyumba, abonyeze. Aliyepewa upande wa Nafuna aliitwa Austine. Njia ya kwenda kwa Nafuna hupita langoni kwa jirani, na jirani ana mbwa asiyefungwa. Austine alimtazama mbwa, mbwa akamtazama Austine.

"Huyo siwezani naye," alimwambia Wamboi. "Ana madharau. Hiyo nyumba ya mabati ya blue ni ya nani?"

"Ya Mama Naliaka, fundi wa nguo."

Austine alinunua andazi, akatoka chini ya kibaraza cha duka ili setilaiti zimwone vizuri, akasimama katikati ya barabara, akaandika jina, akabonyeza. Tableti ilipokea mahali alipokuwa amesimama. Alimaliza andazi, akaenda nyumba inayofuata.

Siku za kwanza hazikuwa mbaya. Watu ambao hawakujua kwamba nyuma ya mipapai kuna fundi walianza kuleta suruali za kupunguzwa na zipu za kubadilishwa. Wamboi alipanga vitunguu kwenye dirisha la Nafuna, na hakusema tena kwamba amezibwa. Kisha Jumanne ya wiki ya tatu, mtu aliyevaa koti la kung'aa alibandika karatasi mlangoni. Barabara ingetiwa lami. Jengo lililosimama juu yake lingeondolewa baada ya siku ishirini na moja. Nafuna aliisoma karatasi akiwa barabarani. Akasubiri hadi saa saba, akaisoma tena akiwa kwenye ploti yake. Maneno yalikuwa yale yale.

Siku ya pili alipanda hadi orofa ya pili ya jengo moja la Thika akiwa na hati ya ploti ndani ya bahasha. Karani wa ramani aliitwa Kimanzi. Aliichukua hati kwa mikono miwili, akailinganisha na skrini.

"Ploti ni yako, mama, hilo halina shaka. Tatizo ni nyumba. Nyumba haiko kwenye ploti."

"Haiko kwa sababu mmeipeleka barabarani."

"Sisi hatupeleki nyumba. Tunaonyesha iliko."

"Na kabla hamjaonyesha, ilikuwa wapi?"

Kimanzi alifungua picha ya mwaka uliopita. Mabati ya buluu yalionekana katikati ya mipapai, na kivuli cha tangi la maji kando yake. Aliitazama kwa muda. Kisha akafungua picha ambayo droni ya idara ilikuwa imeipiga wiki hiyo, saa nne asubuhi. Mabati ya buluu yalikuwa barabarani, na kamba ya nguo ilionekana, na shati la Boaz likiwa limeanikwa.

"Ile ya zamani ndiyo ya kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini ni ya zamani."

Alimweleza kwamba nukta husogezwa kwa kubonyeza mara mbili. Yeye angeweza kuisogeza wakati huo huo, ila ruhusa ilikuwa ya mkuu wake, Bi. Warigia. Akampeleka.

Bi. Warigia hakuwa mtu mbaya. Alimpa Nafuna kiti, akaisoma fomu yote, hata maandishi madogo ya chini.

"Hili ni jambo rahisi," alisema. "Afisa atafika, ataiona nyumba kwenye ploti, atapiga picha. Nitatia sahihi."

"Atafika saa ngapi?"

"Saa yoyote ya kazi."

"Saa za kazi huwa haipo."

"Basi ataandika kwamba haipo."

Afisa alifika Jumatatu saa tatu na nusu. Aliandika kwamba haipo.

Nafuna alirudi Thika mara tatu. Mara ya tatu, zikiwa zimebaki siku sita, Kimanzi alimsindikiza hadi kwenye ngazi. "Ijumaa nina kazi ya nyanjani huko Ruiru," alimwambia. "Saa ya chakula nitakuja kwako."

Alifika saa saba kasoro dakika tano, akampita mbwa akiwa ameshusha mkoba hadi magotini kukinga miguu. Walisimama pamoja kwenye ploti tupu, kando ya mipapai. Saa saba nyumba ilikuja. Kimanzi aliweka kifaa chake kwenye kizingiti, akasubiri, akabonyeza. Alipima pembe zote nne, akapiga picha mbele na nyuma, akapiga moja ya Nafuna akiwa ameshika hati mlangoni. Kisha akaketi, akala ugali na mboga za kunde kwa haraka, akasema kwamba mboga zilikuwa tamu.

"Itatosha?" Nafuna aliuliza.

"Ni kipimo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchukua."

Wikendi ile Boaz alipaka rangi fremu ya mlango.

Jumatatu, Bi. Warigia aliifungua picha kwenye kompyuta yake, akaivuta ikawa kubwa, akaashiria tarakimu za pembeni.

"Imepigwa saa saba na dakika kumi na mbili. Saa hiyo Kimanzi alikuwa kwenye mapumziko. Afisa aliye mapumzikoni hana mamlaka ya kuona."

"Lakini ameona," Nafuna alisema.

"Ameona kama mtu. Mimi nahitaji aone kama afisa."

Kimanzi alikuwa amesimama kando ya mlango.  Bi. Warigia alimrudishia Nafuna karatasi zake zikiwa zimepangwa vizuri na kubanwa kwa pini mpya.

Tingatinga lilifika Jumatano saa nne asubuhi. Dereva aliitwa Nzioki. Alizima injini na kumsalimia Nafuna kwa mkono.

"Ngoja hadi saa saba, baba," Nafuna alimwomba. "Utaikuta barabara iko wazi. Hutakuwa na kitu cha kubomoa."

"Najua, mama. Nimeambiwa habari yake. Lakini saa saba mimi pia nakula. Nikirudi saa nane, nayo itakuwa imerudi."

Aliwangoja watoe vitu. Boaz, aliyeomba ruhusa kazini, alibeba kitanda na kabati. Wamboi alibeba sufuria na kulia kidogo, kisha akarudi kumhudumia mteja. Nafuna alibeba cherehani mwenyewe. Kazi ya tingatinga ilichukua dakika arobaini.

Saa saba kifusi kiliondoka barabarani, kikajipanga kwenye ploti, kila jiwe karibu na mahali ukuta wake ulipokuwa. Saa nane kikaenda tena.

Jumamosi Boaz alichanganya saruji. Mawe mengi hayakuwa yamevunjika. Yeye na mwenzake wa kiwandani waliinua kozi nne kabla ya Jumapili jioni, zikiwa zimenyooka kwa uzi, na Nafuna akazimwagia maji zishike. Jumatatu saa mbili mawe yalichomoka na kwenda barabarani. Saruji haikuwa kwenye kumbukumbu za idara, kwa hiyo ilibaki imesimama peke yake, nyembamba, ikiwa na matundu ya mraba mahali mawe yalipokuwa. Kuku walipita katikati ya matundu. Siku ya pili upepo uliiangusha.

Kimanzi alipiga simu. Nukta ilikuwa imegeuzwa kutoka buluu kuwa kijivu, rangi ya jengo lililobomolewa, alisema, na ombi la kuisogeza lilikuwa limefungwa, kwa kuwa nyumba isiyokuwepo haiwezi kusahihishwa mahali pake.

"Nilijaribu kuibonyeza mwenyewe, mama. Mfumo ulinikataa."

"Asante, Kimanzi."

"Usinishukuru."

Ijumaa ilikuja notisi nyingine. Mwenye kifusi kilichozuia barabara alipewa siku saba akiondoe. Nafuna na Boaz waliazima mkokoteni, wakasomba mawe kutoka barabarani kuanzia saa tatu hadi saa sita. Kila jiwe walilolishusha kwenye ploti lilikuwa limerudi barabarani kabla hawajageuza mkokoteni. Saa saba yote yalikuja yenyewe, na saa nane yakaenda. Siku saba ziliisha. Ikaja notisi nyingine, kisha nyingine. Lami ilipofika Gatongora ililazwa hadi kwenye mawe, ikayazunguka, ikaendelea.

Sasa wanaishi chini ya turubai pembeni mwa ploti. Turubai halijaandikwa popote, na halijawahi kwenda kokote. Mchana Nafuna hushona kwenye uwanja ulio wazi, pale palipokuwa sebule. Inapokaribia saa saba, na tena saa kumi na moja, husimamisha cherehani, akakokota meza hatua tatu kando. Mawe huja, yakatulia. Boaz hufika baadaye kutoka Thika. Huvua viatu mahali palipokuwa mlango, akavishika mkononi, akaingia.