Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mguu wangu wa kushoto ulivunjika sehemu mbili, saa nne asubuhi, mbele ya watu kumi na wawili waliokuja kututakia safari njema. Safari yenyewe ilichukua dakika tatu. Tulikwenda mita kumi na tano hivi, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za kurudi pale pale tulipotoka.

Mwenye mashua ni mdogo wangu, mfamasia. Nyumbani tunamwita Kidonge tangu utotoni, kwa udogo wake, na alipokuja kuchagua kazi hiyo tulicheka mpaka akanuna. Ni mtu wa kusoma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya kiboksi cha dawa, yote, mpaka anuani ya kiwanda, ndipo ameze. Maisha yake yote ametaka kitu kimoja tu, mashua ya tanga, na alipofika miaka arobaini na sita akaipata: nyeupe, ya mita nane, mlingoti mmoja, na chumba kidogo chini. Siku ya kwanza tu alipofungua kamba, mashua ikaligonga gati, na kati ya mashua na gati palikuwa na mguu wangu.

Utauliza mguu ulifuata nini huko nje. Nilikuwa nimekaa ubavuni, nimeuning'iniza ili tupigwe picha. Kwenye jalada la kitabu changu cha tatu, Nahodha Chiriku amekaa hivyo hivyo.

Mimi ni mwandishi. Nimeandika vitabu vinane vya watoto kuhusu Nahodha Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili anayeendesha mashua peke yake na kuwashinda watu wazima kwa akili. Watoto wanavipenda na walimu wanavipenda. Kabla ya siku ile, mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kupanda chombo chochote cha majini kisichokatiwa tiketi.

Daktari alinitia vyuma, akanipa magongo mawili na amri moja: nisipande ngazi kwa miezi mitano. Nakaa ghorofa ya nne, na jengo letu halina lifti. Kwa mdogo wangu kuna chumba cha chini, lakini pia kuna wifi. Mimi na wifi tunapendana sana tukiwa kwenye nyumba mbili tofauti. Nilivumilia siku sita, naye akavumilia tano. Siku ya saba mdogo wangu, ambaye tangu ajali alikuwa hawezi kunitazama usoni, akayaambia magongo yangu:

"Dada, mashua ipo. Gati linaelea, liko sawa na mashua, hakuna ngazi. Kuna vipandio vitatu tu vya kushukia chumbani."

Vile vipandio vitatu nilivishuka kwa makalio kila siku kwa zaidi ya miezi minne. Hivyo ndivyo mwandishi wa mambo ya bahari alivyohamia baharini.

Kitanda cha mashua kina umbo la pasi. Kichwani ni kipana, miguuni chembamba, na mguu wenye plasta haukubali kuwa mwembamba kwa ajili ya mtu. Wiki ya kwanza nilitapika kila siku, na mashua ilikuwa imefungwa kamba nne. Chiriku huandika shajara yake katikati ya dhoruba kwa mwandiko mzuri. Nilijaribu kuandika sentensi moja ya kitabu cha tisa wakati boti ya mizigo inapita, na nilipoitazama, mdogo wangu pekee ndiye angeweza kuisoma, kwa kuwa amezoea maandishi ya madaktari.

Alikuja kila siku saa saba, duka lake likifungwa kwa chakula cha mchana. Hakukanyaga ndani ya mashua hata mara moja. Alisimama gatini na koti lake jeupe, akanipitishia hotipoti, dawa na magazeti, tukaongea kama watu wa pande mbili za kaunta. Umemeza? Nimemeza. Panauma wapi? Pale pale. Kisha akamalizia na wimbo wake wa kila siku.

"Nisamehe, Dada."

"Tuyaache hayo," nilijibu, kwa sauti ya mtu ambaye hajayaacha.

Nisijifanye mtakatifu, nilikuwa nafaidi. Mito iliongezeka, uji ulikuja bila madonge, na nilipotaja tu kwamba nahisi baridi, kesho yake blanketi lilikuwa gatini. Ukoo mzima ulishampa jina jipya, Mvunja Dada. Mjomba alimwita hivyo mbele ya wakwe zake, naye akacheka na wenzake. Niliposimuliwa nami nikacheka.

Mwezi wa nne akasema anaiuza. Kuna daktari wa meno anaitaka, atakuja kuiona Jumamosi.

"Mimi si mtu wa bahari," aliniambia, akitazama mlingoti. "Mkono wangu mbaya. Bora nibaki na dawa zangu."

Nilimwambia mali ni yake na uamuzi ni wake. Nilikuwa nawaza zaidi nitalala wapi.

Tanga lilikuwa limechanika siku ya ajali, na mdogo wangu hawezi kumuuzia mtu kitu chenye tundu. Kwa hiyo Jumatano akaja fundi wa matanga, mama mmoja mpana, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye gati zima linamwita Sindano. Alilitandaza tanga juu ya gati, akakaa katikati yake, akashona saa nzima. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mashua, mguu juu ya mto, najifanya naandika.

"Wewe ndiye mwandishi wa yule Chiriku?" akauliza.

Nikajiweka sawa. Swali hilo huwa nalijibu kwa unyenyekevu niliouzoea. "Ndiye mimi."

"Mjukuu wangu alinisomea kimoja. Huyo mtoto hajafa bado?"

"Kwa nini afe?"

"Ukurasa wa arobaini na moja. Mwamba uko kushoto kwake. Anataka kuukwepa, anauvuta mkono wa usukani kulia." Alikata uzi kwa meno. "Hapo ameshaupanda."

Nikamwambia, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba anayetaka kwenda kulia huvuta kulia.

"Kwenye gari," akasema Sindano. "Shika huo mkono hapo nyuma yako. Uvute kulia. Sasa chungulia majini, ule ubao wa usukani umeelekea wapi?"

Nikachungulia. Ubao ulikuwa umeelekea kushoto.

"Maji yanausukuma ubao, mashua inageuka kushoto. Ukitaka kulia, unausukuma mkono kushoto. Hata mjukuu wangu anajua, na ana miaka saba. Alidhani umefanya makusudi ili kuchekesha."

Akarudi kwenye tanga lake. Mimi nikashuka chumbani kwa makalio, nikatoa vitabu vyote vinane, nikavisoma na penseli mkononi mpaka saa kumi alfajiri. Nilikuta sehemu kumi na saba. Mara kumi na saba nimemgongesha mtoto wa watu kwenye mwamba, kwenye daraja, kwenye meli ya maharamia, na kila mara nimeandika kwamba mashua ilikwepa kwa madaha.

Ndipo nikaikumbuka ile asubuhi. Gati lilikuwa kushoto kwetu, na bahari yote ilikuwa kulia. Mdogo wangu aliuvuta mkono wa usukani kulia. Mashua ilipoanza kulifuata gati, akazidi kuvuta kulia, kwa mikono miwili, jasho likimtoka. Hakukosea hata kidogo. Alifuata maelekezo.

Vitabu vyangu anavisoma kabla ya mhariri. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, mwaka alipougua akakosa shule muhula mzima. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, yeye sita, na kitabu chetu kilikuwa karatasi za dawa zake. Akimaliza kuisoma karatasi nilimruhusu aikunje iwe mashua, tukaiachia ielee kwenye beseni la kufulia.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. Nilijipa sababu nzuri: mguu umeshavunjika, mashua imeshapata mteja, vitabu vinasomwa mashuleni, na nani atanunua cha tisa akijua nahodha hajui kulia na kushoto? Alhamisi alipokuja na hotipoti nikapokea. Akasema nisamehe, Dada. Nilifungua mdomo, kikatoka kile kile cha siku zote, tuyaache hayo. Roho ilinisuta mpaka chakula kikanishinda. Ijumaa nikafanya vile vile, na Ijumaa ilikuwa samaki, ninaowapenda.

Jumamosi daktari wa meno akaja na mkewe na viatu vipya. Niliwasikia na kuwachungulia kutoka chumbani. Alipapasa mlingoti, akagonga ubavu wa mashua kwa kidole kama anavyogonga jino, akauliza maswali ya mtu aliyejiandaa. Mwisho akauliza la maana.

"Sasa mbona unaiuza? Ina kasoro gani?"

"Haina kasoro yoyote," akasema mdogo wangu. "Kasoro ni mimi. Kuna watu hawajaumbiwa bahari. Nilimvunja dada yangu mguu siku ya kwanza."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemweleza mgonjwa kwamba dawa hii humezwa baada ya kula. Nilikuwa nimemsikia akiomba msamaha karibu siku mia na ishirini, na sikuwahi kuumia kama nilivyoumia pale. Nilivipanda vile vipandio kwa miguu. Sijui nilivipandaje, na daktari wangu asijue.

"Kidonge, nyamaza," nikasema. "Si kosa lako. Ni langu. Ukurasa wa arobaini na moja."

Nikamweleza yote, mbele ya wateja, nimeegemea mlango, kitabu mkononi. Nikamweleza ubao, maji, kulia na kushoto, mara kumi na saba. Nikamwambia nimejua tangu Jumatano na nimekula samaki wake huku najua. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa. Alikuwa anasafisha miwani kwa ncha ya koti, na aliendelea kuisafisha muda mrefu.

"Najua, Dada," akasema.

"Unajua nini?"

"Yule mzee aliyeniuzia mashua alinionyesha siku aliyonikabidhi. Akaniambia ukitaka kulia, sukuma kushoto. Nikamwambia sivyo. Akaniambia, bwana, mimi niko majini miaka thelathini. Nikamwambia dada yangu ameandika vitabu vinane. Wewe umeandika vingapi?"

Mke wa daktari wa meno alikohoa kidogo.

"Unajua alinijibu nini?" akaendelea mdogo wangu. "Akasema basi nendeni salama."

"Sasa kwa nini hukuniambia?" nikauliza. "Miezi minne, Kidonge. Unaitwa Mvunja Dada mbele ya wakwe zako."

"Ulikuwa hospitalini na vyuma mguuni. Nikuvunje na vitabu?"

Mimi, ambaye kazi yangu ni maneno, nilisimama pale nalia kama mtoto aliyepotea sokoni, na yeye, baada ya miezi minne ya kukaa upande wa pili wa kaunta, akainua mguu akaingia ndani ya mashua, akanishika kabla magongo hayajateleza.

"Samahani," akasema daktari wa meno. "Kwa hiyo mnauza au hamuuzi?"

"Hatuuzi," nikasema.

"Mashua ni yangu," akasema mdogo wangu.

"Basi sema wewe."

"Hatuuzi," akasema.

Jumatatu nikampigia mhariri simu, nikamwambia kuna sehemu kumi na saba za kusahihisha. Akanisihi nisijisumbue, kwani kwa miaka yote hiyo hakuna msomaji hata mmoja aliyelalamika. Nikamjibu kwamba yupo mmoja aliyevunja mguu wa mtu na bado hakulalamika, na kwamba nataka sehemu zote kumi na saba. Jioni ile nikampigia na mjomba. Huyo nilimpa vidonge vyake, na nafsi yangu nikaipa vyake, kwa simu hiyo hiyo.

Mwezi wa tano daktari aliniachia gongo moja, na tukatoka tena. Hatukualika mtu. Sindano alikubali kuja kutuongoza, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akitazama tanga lake na si sisi. Mimi nilikaa katikati, miguu yote miwili ndani. Mdogo wangu alikaa nyuma, mkono wa usukani kiganjani, uso umemkauka. Gati lilikuwa pale pale, kushoto kwetu.

"Sukuma kushoto," akasema Sindano.

Mdogo wangu hakusukuma. Alinigeukia mimi, nyusi zimeinuka, akasubiri.

"Unamtazama nini huyo?" Sindano akafoka. "Huyo si ndiye aliyewagongesha?"

Nikatikisa kichwa kukubali, na ndipo akasukuma. Mashua ikaliacha gati. Siku ile aliamriwa kusukuma au kuvuta mara kumi na tisa, nami nilizihesabu, na mara zote kumi na tisa alinitazama mimi kwanza.