Gari la Kumrudisha Mama

Mume wangu Cassien alilipenda lile gari kabla ya kulikagua. Mimi nililichukia kabla ya kuliona, kwa hiyo siwezi kujidai kwamba nilikuwa na akili kumshinda.

Ilikuwa Desemba 1994, mwezi wetu wa tano Kigali tangu tutoke Bujumbura. Landrova lenyewe lilikuwa limeegeshwa Kicukiro mbele ya duka lililofungwa, rangi yake ya kijani imepauka mpaka huwezi kusema ni kijani au ni majivu. Lilikuwa refu, nyuma lina mabenchi mawili yanayotazamana, na kwa umri nadhani lilinizidi. Mwenye gari aliitwa Rwema, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, naye alikuwa ameliendesha mwenyewe kutoka Kampala. Basi usukani ulikuwa upande wa kulia, kama wa huko, wakati Kigali magari yanapita kulia na usukani unatakiwa uwe kushoto.

"Sasa dereva akitaka kulipita lori, ataonaje mbele?" nikamuuliza.

"Si wewe uko, mama?" Rwema akacheka. "Utakaa hapa kushoto, utamuambia pita, ao utamuambia ngoja."

"Kumbe nikinunua gari nanunua na kazi."

Cassien hakucheka. Alikuwa amelala chini ya gari, mgongo kwenye matope, anagonga chuma kwa bisibisi. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kupokea komunyo.

"Kutu iko kidogo tu, Mama Gaju. Chuma ya chini iko nguvu. Wazungu ya zamani walikuwa wanatengeneza gari, si mchezo."

Gaju ni binti yetu. Mimi jina langu ni Xavérine, ila tangu nimzae hakuna anayelikumbuka.

Nikamwambia milango haifungi sawasawa, taa ya kushoto imefungwa kwa waya, na mazutu, yaani dizeli, yatakayonywewa na mashine ile yangetosha kuendesha kinu. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililonikera. Nilichokuwa nakilinda ni pesa. Pesa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya nyumba yetu ya Buyenzi.

Buyenzi ndiko nilikozaliwa, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na Kiswahili chake nilikijua kabla sijajua Kinyarwanda cha wazazi wangu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya bati, vyumba vitatu, wala usifikiri ni jumba. Lakini jioni upepo wa ziwa ulikuwa unaingia mpaka jikoni, ndagala, wale dagaa wa kwetu, wanakaangwa kila ua, na majirani wanaombana chumvi juu ya ukuta. Mwezi wa Septemba Cassien alishuka kule siku mbili, akaiuza, akarudi na bahasha. Niliiweka ndani ya kabati chini ya shuka. Ilimradi bahasha ile ilikuwa haijaguswa, mimi nilijiona bado nina nyumba. Nilijiambia kwamba siku moja nitaamka niseme basi, imetosha, turudi.

Ningemwambia nani? Mwaka ule kila mtu wetu aliyevuka mpaka alikuwa akimshukuru Mungu kwa kumfikisha nchini kwake. Na ndugu zetu waliokuwa wamebaki humu walikuwa wamekufa kwa namna ambayo hatukuthubutu hata kuiuliza. Nyumba tuliyolala hatukujua kama wenyewe wako hai. Vikombe tulivyonywea chai vilikuwa vyao. Katika mji wa namna hiyo utasimamaje useme unatamani samaki? Nilipika maharage huku nalilia ndagala, machozi kweli kweli, na Cassien akiingia jikoni nasingizia vitunguu.

Yeye alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa mama yake. Mama mkwe wangu, Mukankusi, alikimbia kutoka kwenye kilima chao huko Bugesera mwaka 1963, Cassien akiwa mgongoni, bado ananyonya. Miaka thelathini na moja hakunywa maji ya Bujumbura bila kusema kwamba ya kwao ni matamu zaidi. Kila mtoto wa barabara yetu alikijua kile kilima: miti ya imivumu iliyozunguka ua, jiwe la kusagia, chemchemi ya bondeni. Cassien alikua na ahadi moja tu kichwani, kwamba atamrudisha mama. Lakini teksi zilikuwa zinaishia Gahanga. Baada ya hapo ni mto, halafu matope, halafu njia ambazo watu walikuwa wanaogopa kuzikanyaga kwa ajili ya mabomu ya kufukiwa. Gari ndogo isingefika.

Kuhusu kuuzwa kwa nyumba, yule mama hatukumwambia, ingawa aliishi nasi kule na alikuja nasi Kigali. Tulimdanganya kwamba Sangwa, jirani yetu wa kule, anaitunza. Tulidhani mtu aliyelilia kilima miaka yote ile, akishakiona, hatauliza tena habari ya nyumba ya bati.

Rwema alikuwa na mteja mwingine wa Jumatatu. Akatuachia gari Jumapili nzima tulijaribu, akabaki na pikipiki ya Cassien kama rehani.

Tulitoka baada ya misa, Gaju tumemwacha kwa jirani. Mbele tulikaa watatu: Cassien kwenye usukani upande wa kulia, mama katikati na kijiti cha giya kikimgonga magoti, mimi kushoto na kazi yangu.

"Iko kitu?" Cassien ananiuliza nyuma ya lori la ndizi.

"Ngoja. Ngoja... pita! Pita sasa!"

Tunapita, mama anafanya ishara ya msalaba. Sipendi kulikubali hili, lakini nilifurahi. Kwa miezi mitano hakuna aliyekuwa ameniuliza naona nini.

Gahanga tukaiacha, tukashuka mpaka Nyabarongo, tukavuka daraja, ndipo matope yakaanza. Mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza njia kuwa uji. Cassien akavuta kile kijiti kingine, cha kuyafanya magurudumu yote manne yavute, na lile zee likaguna, likainama kidogo mbele, likapanda. Halikuteleza hata mara moja. Tulipofika juu, Cassien aliupigapiga usukani kwa kiganja, meno yote nje. Gari lilikuwa zima. Nilitamani livunjike kitu, hata mkanda wa feni tu, lakini lilikuwa zima, na mimi nikaiona bahasha yangu inatoka chini ya shuka.

Kutoka pale tukaenda polepole, kila gurudumu ndani ya alama za magurudumu ya waliotangulia. Nyumba zilikuwa wazi, migomba imesongwa na magugu, hakuna moshi popote. Mama alianza kutaja majina ya watu wa kila mlima, huyu aliishi hapa, yule pale. Halafu akanyamaza, nasi hatukumwomba aendelee.

"Hapa," alisema baadaye, kwa sauti ndogo.

Ile imivumu alipoiacha ilikuwa fito za uzio. Sasa ilikuwa miti ambayo mikono yangu miwili isingeizunguka. Jiwe lilikuwepo, limezama nusu ardhini. Cassien alipiga magoti, akachota udongo, akabaki ameushika asijue auweke wapi. Mama alikuwa anatembea na kuonyesha kwa kidole: hapa ng'ombe walilala, hapa ghala ya mtama, hapa nilikuzalia wewe. Tulimshika mkono tukashuka mpaka chemchemini. Akanywa kwa kiganja, akafumba macho.

"Ndiyo haya," akasema.

Tulipopanda tena alikaa juu ya jiwe. Cassien alikuwa tayari anapima ardhi kwa hatua. Nyumba ya mama itatazama huku, jiko litakuwa kule, bati atanunua akishauza maharage ya kwanza. Alikuwa mzuri siku ile, mume wangu. Sikuwa nimemwona hivyo tangu tuoane, nami nikapiga moyo konde: basi, pesa na iende, Buyenzi na iende.

Mama alisimama, akakung'uta kanga yake.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Nimekiona. Sasa unirudishe Buyenzi."

Cassien alicheka kwanza. Alidhani ni utani.

"Mama, tumefika. Hapa ndipo kwako."

"Najua ni kwangu. Nirudishe kwa baba yako. Yuko peke yake kule." Baba mkwe wangu alikufa miaka kumi kabla, kaburi lake liko Bujumbura. "Siku ya marehemu, mwezi uliopita, nani alimpalilia?"

"Ulililia hiki kilima miaka thelathini!"

"Nilikililia na yeye. Tulikuwa wawili. Leo nimekunywa yale maji, na sina wa kumwambia kwamba ni yale yale."

Mama akaendelea taratibu kama mtu anayepanga vyombo: Sangwa atamfungulia mlango, kitanda chake si kiko, yeye hana haja ya mtu wa kumhudumia, tutamwona wakati wa likizo. Cassien akanigeukia. Alinitazama kama anavyonitazama nyuma ya lori, anangoja nimwambie, na safari hii sikuwa na la kuona isipokuwa lile tulilolifanya wenyewe.

"Mama," nikasema, "nyumba tumeiuza."

Alinitazama mimi, si mwanawe.

"Lini?"

"Septemba."

"Na Sangwa?"

"Tulikudanganya."

"Na pesa?"

"Ndiyo ya kununua gari hii."

Nilingoja matusi. Ningeyapokea, yangenisaidia. Hakutukana. Akaligeukia lile Landrova, na kwa mara ya kwanza siku ile akalitazama kama mnunuzi. Alilizunguka lote. Akagusa gurudumu, akabonyeza bati, akafika nyuma.

"Nifungulieni hapa."

Cassien akafungua mlango wa nyuma. Mama akakataa mkono wangu, akapanda mwenyewe, akawa amepiga magoti sakafuni kati ya yale mabenchi mawili. Halafu akalala. Alilala chali na nguo zake za misa juu ya matope tuliyoyaingiza, akanyoosha miguu, akaweka mikono kifuani.

"Mama, unafanya nini? Toka!" Cassien akapiga kelele.

"Funga mlango."

"Mama!"

"Funga, nione."

Niliufunga mimi, maana mwanawe hakuweza. Tulisimama pale nje, upepo unapita kwenye imivumu. Kisha sauti yake ikatoka ndani, tulivu kabisa.

"Linanitosha. Nunueni. Siku nikifa msinizike hapa, wala Kigali. Mtanilaza hivi hivi, mnipeleke kwa baba yenu."

Cassien aliweka paji la uso kwenye boneti, akalia kwa sauti kama mtoto. Nikafungua mlango, nikamsaidia mama kushuka, nikaanza kumpangusa matope mgongoni. Alikuwa mwepesi. Mkono wake ulikuwa na joto ndani ya mkono wangu, naye alinibana vidole mara moja, sijui kwa kunisamehe au kwa kujishikiza tu.

Nami nililia. Lakini huku nalia kichwa changu kilikuwa kimekwisha ondoka. Kilikuwa kimevuka mpaka, kinateremka ile milima ya Burundi kona baada ya kona, mpaka pale ziwa linapoonekana chini na joto linaanza kuingia dirishani. Kikawa kimefika barabara yetu, majirani wanatoka, harufu ya ndagala iko kila ua. Nilikuwa nimemshika mama mkwe wangu mzima, anapumua, na nilikuwa naingoja safari ile.

Mungu anisamehe.

"Linunue," nikamwambia Cassien.