Mama na Sanduku la Kura

Mama yangu alitoka nyuma ya pazia, akalipita sanduku la kura kama mtu anayepishana na jirani aliyegombana naye, akaelekea mlangoni na karatasi yake mkononi.

"Mama, huku," karani akamwelekeza. "Ikunje, uitumbukize."

"Nimeshapiga, mwanangu. Hii nakwenda nayo nyumbani."

Foleni ikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa msimamizi wa kituo, mwalimu aliyekabidhiwa darasa lake mwenyewe na kuambiwa kwamba humo ndimo nchi yetu changa ingechagulia bunge lake la kwanza. Nikamfuata, nikamshika mkono kwa adabu yote iliyonibakia.

"Mama, usiniaibishe mbele za watu."

"Aibu gani? Masanduku ya serikali nayajua mimi."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Enzi za wale waliotutawala, palikuwa na sanduku la chuma ukutani mwa ofisi yao, la malalamiko ya wananchi. Baba alipokamatwa, Mama alitumbukiza barua humo kila wiki, amevaa gauni lake la kutokea, mpaka Baba akafia kizuizini. Wakubwa walipofungasha virago, watu walilivunja sanduku lile. Kufuli lilikuwa limeganda kwa kutu. Halikuwahi kufunguliwa hata mara moja. Barua za mji mzima zilikuwa mle mle, zimeliwa na mchwa. Mama alikuwapo. Hakulia, aliuliza tu kama kuna anayetaka karatasi za kuwashia moto.

Seremala, jirani yetu, akatoka nyuma ya pazia, akatusikiliza, kisha akaitia karatasi yake katika mfuko wa shati. Muuguzi aliyemfuata akaisokomeza ya kwake mkobani. Kura isiyoingia sandukuni si kura, na foleni nzima ikiondoka nazo mifukoni, kituo chetu kingefutwa na mji wetu ukose sauti katika bunge lile. Wakala wa chama kimoja alikuwa ananitazama, kalamu tayari.

Nilitaka kufoka. Lakini nikamwona Mama alivyokuwa siku zile, akirudi kutoka kwenye lile sanduku na kutuambia, "Wiki hii watasoma." Hasira ikaniishia. Nilikuwa nimemtaka aamini, na sikuwa nimempa sababu yoyote ya kuamini.

"Nani atalifungua?" akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mimi."

"Lini?"

"Leo leo, upigaji kura ukishaisha. Juu ya meza hii hii. Na wewe utasimama pale dirishani unitazame. Nikichelewa, nipigie kelele."

"Nitapiga."

"Nakujua, Mama."

Akanikagua uso kama alivyokuwa akinikagua masikio nilipokuwa mdogo. Kisha akarudi, akaikunja karatasi, akaitumbukiza, akalipiga sanduku kofi moja la kulionya. Seremala akachomoa yake mfukoni.

"Haya, tusogee, tusogee," akasema muuguzi huku akipekua mkoba, utadhani ni sisi tuliomchelewesha.

Jioni, nilipofunga mlango, madirisha yalikuwa yamejaa vichwa. Nikawaonyesha mawakala lakiri, nikaivunja, nikatia ufunguo. Kufuli lililegea bila ubishi. Nikaliinamisha sanduku, na kura zikamwagika, zikaijaza meza, zikafurika hadi sakafuni, nyeupe, kavu, nzima.

Mama akapiga kigelegele ambacho sijapata kukisikia tangu nizaliwe, na uwanja mzima ukampokea. Watu wakakumbatiana. Seremala alikuwa analia waziwazi, wala hakujifuta. Na mimi, msimamizi, niliyeapa kutoonyesha furaha wala huzuni, nilikuwa nacheka kama mwehu.

Hatukuwa tumehesabu hata moja. Mtu mmoja aliyekuwa nyuma kabisa, asiyeona kitu, akapaza sauti: "Nani? Nani ameshinda?"

"Tulia wewe," Mama akamjibu bila kugeuka. "Bado zinatoka."