Limechemsha

Sakafu ya ukumbi wa magari mapya ilikuwa imetoka kupigwa deki, na gongo la kushoto la mkewe likateleza mara tu walipovuka mlango. Bwana Mayai alimdaka kabla hajafika chini. Mkewe, Mama Pacha, hakupiga kelele. Tangu akatwe mguu chini ya goti alikuwa amejifunza kuanguka kimyakimya, kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Alinyoosha mkono akajishikiza kwenye gari jeupe lililowekwa katikati ya ukumbi, limefungwa utepe mwekundu.

"Mama, usiliguse hilo," mlinzi akasema, deki mkononi. "Linashika alama za vidole."

"Samahani, baba." Akaondoa mkono. Mlinzi akaja kufuta pale aliposhika, kwa bidii, kama vile mwenye mali amesimama nyuma yake.

Baba mkwe akaingia wa mwisho. Alikuwa fundi cherehani, mzee mwenye koti alilojishonea mwenyewe, mtu wa maneno machache yaliyokatwa kwa kipimo. Mbele ya ndugu wa pande zote mbili alikuwa ameshatoa lake: kama gari lilikuwa bovu, mkwe hana kosa na binti atabaki kwake. Kama mkwe ndiye aliyeliua gari kwa ubahili wa maji na oili, binti anarudi kwao, na pacha wanarudi naye. Kumlemaza mtoto wa watu ni jambo moja, alisema, na kumdanganya juu yake ni jingine.

Bwana Mayai alikubali, tena kifua mbele. Kampuni yenyewe iliyoniuzia itasema, aliwaambia wote. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, akaitundika ndoa yake kwenye ulimi wa kampuni.

Alikuwa na sababu ya kujiamini. Gari alilinunua jipya, viti vyake bado vimevaa nailoni, na waranti ya miaka mitatu juu. Mayai aliyoyasambaza kwa baiskeli ujana wake wote yakapanda gari, na mkewe akakaa mbele, amepakata trei za juu zisizokaa vizuri kule nyuma. Mwaka haujaisha, injini ikaanza kugonga. Tak, tak, tak, kama mgeni anayebisha hodi kistaarabu. Akalirudisha. Wakalisikiliza, wakamwambia injini hizi ndivyo zilivyo. Akalirudisha tena, wakampa kalenda. Maji aliyaangalia kila asubuhi kabla hata hajanawa uso, na mshale wa joto haukupanda siku hata moja. Halafu siku ile kwenye mteremko, mayai nyuma na mkewe pembeni, kile kilichokuwa kinabisha hodi kikaingia ndani. Injini ilikamata kwa kishindo kimoja, isizunguke tena. Usukani ukawa mgumu, breki zikagoma, na gari likaenda kujibamiza kwenye ukingo wa daraja, upande wa mkewe.

Mkuu wa huduma aliwapokea kwenye chumba chenye baridi ya kusisimua mwili. Alikuwa kijana mwenye viatu vinavyong'aa, na akamsogezea Mama Pacha kiti kwa mikono yake mwenyewe.

"Karibuni sana, wazee wangu. Mama, pole mno. Roho yangu imeniuma niliposikia." Akawawekea kila mmoja maji ya chupa. Kampuni ilikuwa na adabu, hilo lazima lisemwe.

"Mafundi wetu wameifungua injini," akaendelea. "Imeharibika vibaya."

"Imekamata," Bwana Mayai akasema. "Ni ile gongagonga niliyowaletea mara mbili. Mkaniambia ni kawaida."

"Mzee wangu, fundi anaona vyuma vimeungua. Vyuma haviwezi kumwambia vimeunguzwa na nini. Kwa hiyo sisi tunamsikiliza mteja, maana mteja ndiye aliyekuwepo." Akaigeuza kompyuta iwaelekee. "Na wewe ulitupigia mwenyewe. Unakumbuka?"

Alikumbuka. Kwenye kioo cha mbele walibandika karatasi: likitokea lolote, piga namba hii kabla mtu mwingine hajaligusa gari. Naye, mtiifu kama walivyomtaka, alipiga akiwa kwenye korido ya hospitali, shati lina damu na kiini cha mayai, mkewe analia nyuma ya pazia. Siku ile alikuwa akimjibu ndiyo kila aliyemsemesha.

Mkuu wa huduma akabonyeza, akasikiliza kidogo, akasogeza mbele, akabonyeza tena. Sauti ya Bwana Mayai ikajaa chumbani, imechoka lakini ya heshima, na ndani yake kicheko kidogo, kile cha kumwondolea mtu usiyemjua usumbufu.

"Ehe, ndiyo, dada yangu. Limechemsha. Limechemsha kabisa. Asante, dada. Asante sana."

Baba mkwe akainua kichwa.

Sasa, neno hilo kila mtu analijua. Mchezaji akipaisha penalti, amechemsha. Mwanafunzi akifeli mtihani, amechemsha. Bwana harusi akisahau pete nyumbani, naye kachemsha, na hapo hakuna moto wala sufuria. Ni kushindwa tu, kwa maneno ya watu. Lakini kwenye waranti kuchemsha ni kuchemsha: dereva ameendesha bila maji mpaka injini ikaiva, na gari lililoivishwa na dereva halitengenezwi bure.

"Sikuwa na maana hiyo!" Bwana Mayai akasimama. "Nilikuwa nasema limefeli, limeniangusha. Si ndivyo watu tunavyosema? Wewe husemi hivyo?"

"Kaa, mzee wangu."

"Na kuna kitu yule dada aliniuliza kabla. Irudishe nyuma."

"Alikuuliza nini?"

Bwana Mayai akatafuta kichwani, akakuta korido, pazia, na mlio wa mkasi ukikata gauni la mkewe. Swali lenyewe halikuwepo. "Sikumbuki. Irudishe nyuma kidogo tu, tutasikia wote."

"Huko ni jina lako na namba ya simu." Kijana akatabasamu. "Mteja ndiye anayeeleza tatizo. Sisi tunapokea."

Baba mkwe akageuza kiti. "Ile ni sauti yako?"

"Ni yangu, baba, lakini..."

"Nimeuliza kama ni sauti yako."

"Ni yangu."

"Hajawahi kuliendesha bila maji," Mama Pacha akasema ghafla. "Kila asubuhi mimi ndiye namshikia kidumu. Kama ni kosa, basi hata mimi lilinipita machoni."

"Mama, wewe ni mke wake," mkuu wa huduma akamjibu kwa upole. "Nani asingemtetea mume wake? Tunaelewa kabisa."

Mama Pacha alikuwa amepoteza mguu ndani ya gari lile, na bado hakuhesabika kuwa aliyekuwepo.

Kijana akafungua chupa yake, akanywa, akaifunga. "Lakini kampuni haina roho mbaya. Nimewapigania huko juu. Tutakuwekea injini mpya. Siyo kwa waranti, waranti imekufa. Kwa hisani." Akaweka simu yake mezani, katikati ya chupa. "Wewe sema tu kwa kinywa chako, nirekodi, kwamba gari ulilichemsha kwa uzembe wako, na kwamba huna dai, wala hutalizungumza jambo hili popote. Na mzee hapa atakuwa shahidi."

"Na nikikataa?"

"Ni haki yako. Gari liko uani. Uje na la kulivuta."

Bwana Mayai akautazama mguu wa mkewe, au pale ambapo mguu ungekuwa. Gauni lilikuwa limelala bapa kwenye ukingo wa kiti. Alijua bila gari ni kurudi kwenye baiskeli, na baiskeli haiwezi kulisha pacha na kumnunulia mama yao mguu wa bandia. Alijua pia atakachopoteza akisema. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba, na haikuwa na pa kwenda. Kijana hakuwa amemtukana, na wala hakupandisha sauti. Angekuwa amemtukana, angalau angempiga.

Akamtafuta mkewe kwa macho ili amwambie hata kwa kope: nitasema uongo, na wewe unaujua ni uongo. Lakini Mama Pacha alikuwa akiitazama simu.

Nitamweleza nyumbani, akajiambia. Kana kwamba nyumba ingekuwa bado ipo.

"Nililichemsha gari," akasema.

"Sauti iwe juu kidogo, mzee wangu. Na uzembe hukuutaja."

"Nililichemsha gari. Kwa uzembe wangu. Sina dai. Sitalizungumza popote."

"Taja na ajali."

Baba mkwe alikuwa akiufuatisha mshono wa koti lake kwa kidole, kutoka kifukoni hadi ukingoni.

"Mke wangu amekatwa mguu kwa uzembe wangu."

"Safi sana. Mzee?"

Baba mkwe akainama kuelekea kwenye simu kama anayelenga tundu la sindano. "Mimi ni baba wa huyo mwanamke," akasema. "Nimesikia."

"Hongereni!" Kijana akaichukua simu na kuipangusa kwa kiganja. "Baada ya siku chache gari litakuwa tayari, na injini mpya ndani."

"Ni ya aina nyingine?" Bwana Mayai akauliza.

"Hapana, hatuchezi na ubora. Ni ileile, haijabadilishwa hata skrubu."

Baba mkwe alitangulia kutoka. Kupitia kioo walimwona akisimamisha teksi, akaufungua mlango wa nyuma, akausubiri mguu wa binti yake uliobaki. Bwana Mayai alitembea sambamba na mkewe, mkono tayari bila kumgusa. Walipofika kaunta ya mapokezi Mama Pacha akasimama apumzishe makwapa.

Msichana wa simu alikuwa amewapa mgongo, waya kichwani, vidole kwenye kibodi. Sauti yake ilikuwa tamu, sauti ya dada aliyeumbwa kwa kupokea misiba ya watu. Bwana Mayai aliitambua kabla hajayasikia maneno.

"Pole sana, baba yangu. Likazimika barabarani? Na kuna walioumia? Ooh, pole, pole sana." Vidole vikagonga. "Kwa hiyo gari limechemsha?"

Akasubiri. Kwenye waya kitu kikakwaruza, kisauti kidogo cha mwanamume aliye mbali, anayejibu kwa haraka na kwa heshima.

"Ehe. Limechemsha, sivyo? Limechemsha kabisa. Asante, baba. Asante sana."

Mama Pacha akageuka mzima, gongo likapiga sakafu.

"Baba Pacha," akasema polepole. "Ndivyo alivyokuuliza?"

Bwana Mayai akafungua kinywa. Swali lile sasa lilikuwa limemrudia lote, na korido, na pazia, na sauti hiihii ikimwekea neno mdomoni kama mama anayelisha mtoto. Kwenye mlango wa ofisi mkuu wa huduma alikuwa amesimama akiwaaga, simu mkononi, anatabasamu. Huko nje, nyuma ya ukuta wa uani, gari lilikuwa likimsubiri.

"Angalia gongo," Bwana Mayai akasema. "Sakafu inateleza."

Mkewe alimtazama kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa bila kujua kama mgonjwa bado anamtambua. Kisha akaufuata mlango peke yake, gongo, mguu, gongo, na mlinzi akaanza kufuta alama nyuma yake. Barabarani baba yake alikuwa ameshikilia mlango wa teksi.

Kwenye kaunta simu ikaita tena.

"Pole sana, mama yangu," msichana akaanza.