Ncha ya Pili ya Chandrokhani

Nilisema hapana, nikarudia hapana, na mara ya tatu nikaisema nimesimama mbele ya sanduku ili mtu asilifungue. Zilikuwa zimebaki siku chache dada yangu Zulekha aolewe, na alichokitaka kilikuwa humo ndani: chandrokhani yake, ushungi wa hariri mwekundu na mweusi wenye mwezi katikati, ambao bibi harusi wa Wakhatri wenzetu hapa mjini Bhuj, Kachchh, hujifunika nao siku ya ndoa. Mama aliufunga vifundo. Baba aliutia rangi ya mwisho baada ya matanga ya Mama. Tangu hapo ulilala sandukuni na vifundo vyake vyote, umesinyaa hadi ukawa mdogo kama paka aliyejikunja.

Mama alifunga vifundo maisha yake yote. Aliinua punje ya kitambaa kwa ukucha, akaizungushia uzi, akahamia punje ya pili bila kukata uzi, akaenda hivyo hivyo mpaka kitambaa kikajaa chunusi. Baba akakizamisha kwenye rangi, na palipofungwa rangi haikuingia. Mama akafunga tena, Baba akazamisha tena: manjano, kisha nyekundu, kisha nyeusi. Mwisho watu wawili hushika ncha mbili na kuvuta. Vifundo hufyatuka vyote kwa mkupuo, na kila mahali vilipokuwa panabaki kitone. Uzi unafagiliwa.

Mimi sikutaka ufagiliwe. Kitu cha mwisho vilichokishika vidole vya Mama kilikuwa kile, na vifundo vilikuwa bado vimeshika pale pale alipovishika yeye.

"Kwa hiyo mimi nivae nini, Kaka?" Zulekha aliuliza. "Shuka la kitanda?"

"Nitakununulia nyingine. Nzuri kuliko zote Kachchh nzima."

"Iliyofungwa na nani?"

Nikapandisha sauti. Shangazi Jenabai, dada yake Baba, alikuwa jikoni akipiga mikate ya uwele kati ya viganja vyake. Hakugeuka. "Sidik, huo moto wako ulete huku. Chai yangu haijachemka tangu asubuhi."

Baba naye alikuwa uani kwenye mapipa yake ya rangi, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Nilimwomba aamue. Akasema, "Mimi kazi yangu ilikuwa kuzamisha," akaendelea kukoroga.

Nilikaa juu ya sanduku. Nyumba yetu imekuwa kimya siku hizi, na ukikaa kimya ndani yake unamsikia Mama. Kimrija alichopitishia uzi wa kufungia kilikuwa kikigonga pete yake, tik, tik, tik, na sisi tulilala kwa sauti hiyo. Ukucha wa kidole chake kidogo cha kushoto aliufuga kama wengine wanavyofuga kasuku. Alikanda unga kidole kimeinuliwa, alifua kidole kimeinuliwa, na tulipostahili kofi alitupiga kwa mkono wa kulia tu, kwa hiyo mimi na Zulekha tulijifunza mapema kukaa upande wake wa kushoto. Jioni wanawake wa mtaa walikuja na vitambaa vyao barazani, wakafunga na kusengenya, na hakuna aliyeangalia vidole vyake hata mara moja.

Siku ya kufungua kitambaa ilikuwa yangu. Mama ncha moja, mimi ncha ya pili, tangu nijue kusimama. Alikuwa akinisubiri nijisahau, anavuta kwa nguvu, naanguka magoti, na vifundo vinapasuka kama bisi kwenye sufuria. "Chakula changu unakipeleka wapi wewe?" alikuwa akiniuliza. Mpaka nilipoota ndevu alikuwa bado anajaribu kuniangusha.

Alipougua nilikuwa mjini Surat, kwenye kiwanda kinachochapa vitone vya uongo juu ya nailoni, mashine moja ikimaliza kwa saa kazi ya mtaa wetu kwa mwaka. Niliporudi alikuwa ameshazikwa. Sikuenda tena Surat. Kila Ijumaa nilikuwa nafungua sanduku na kupitisha kidole juu ya chandrokhani, mahali pale pale, penye vifundo vilivyobana kama mchanga.

Zulekha alirudi na vikombe vya chai, akakaa sakafuni mbele yangu. "Unasema vifundo hivi ni vidole vya Mama."

"Navijua. Nifumbe macho, unipe popote, nitakwambia."

"Haya, fumba."

Nikatoka juu ya sanduku mwenyewe, na hivyo ndivyo alivyonitoa. Nilisikia kifuniko, nikasikia harufu ya rangi nyeusi ya Baba, harufu ya chuma na sukari guru iliyochacha. Akaniwekea kitambaa mapajani. Nikatafuta mpaka nikapapata, mahali pangu pa Ijumaa.

"Hapa," nikasema. "Hapa hakuna mwingine. Gusa vilivyobana, vimekaa kama askari. Huyu ni Mama."

Jikoni, Shangazi aliacha kupiga mkate.

"Hapo ni mimi," Zulekha alisema.

Nikafumbua macho. Zulekha hakuwahi kufunga. Alisoma ualimu, akakata kucha zake fupi kama za daktari, na Mama alimlalamikia hadi majirani wakachoka.

"Duru ya mwisho ilikuwa imebaki ukingo huu," alisema. "Mikono ikaanza kumtetemeka, halafu ukucha wake ukavunjika. Wangu nilishaanza kuufuga alipolala kitandani. Akanishikisha uzi wake. Nilikuwa nafunga, yeye anapapasa, anasema, rudia. Nilikuwa naogopa visifunguke ndani ya rangi, nikabana mpaka vidole vikapasuka. Mama hakubana, Kaka. Gusa huku katikati, kwenye mwezi. Alikuwa anazungusha kidogo tu na uzi unakaa."

Nikagusa. Vifundo vya katikati vilikuwa laini, vyepesi, kama vimewekwa tu.

"Mbona hukusema?"

"Bibi harusi hafungi chandrokhani yake mwenyewe. Mama alisema Shangazi angepiga kelele."

"Nilijua," Shangazi alisema kutoka jikoni. "Mwalimu mzima anatembea na ukucha kama wa mwewe, unadhani nilifikiri ni wa kujikunia?"

Nami nilikuwa nimeuona. Kwenye matanga niliuona ukucha ule, nikaudhani urembo, nikakasirika kimoyomoyo, kisha nikausahau. Sasa nilimtazama dada yangu kidole chake. Ulikuwa umekatwa mfupi tena.

"Nataka kuviona vitone," alisema, na sauti yake ikashuka. "Vyake na vyangu. Sijaviona bado. Nimefunga gizani, ikazamishwa, ikafungiwa. Na siwezi kuvuta peke yangu."

Shangazi angeweza kushika. Baba angeweza. Zulekha hakuwaita. Alishika ncha moja, akaninyooshea nyingine, akangoja.

Nikaishika. Hariri ilikuwa na joto la mapaja yangu. Nilikaza miguu, nikasema taratibu, tuhesabu kwanza, na kabla sijamaliza alivuta kwa nguvu zake zote.

Niliangukia magoti. Sauti ikapita kutoka kwake hadi kwangu kama bisi, ikafika ukingoni na hapo ikapasuka kwa ukali, maana huko palibanwa. Zulekha alikuwa anacheka, machozi yanamshuka mpaka kidevuni. Mwezi ulifunguka kati yetu, vitone vyeupe vidogo kama mbegu za haradali, na kuuzunguka wote, kwenye ukingo, vitone vyekundu vikubwa kidogo, vingine vimelala upande.

Shangazi alikuja na unga mikononi, akainama. "Hivi vya pembeni vimelewa."

"Vaa miwani yako, Shangazi," nikamwambia.

Baba naye alikuwa mlangoni. Hatukumsikia akija.

Uzi ulikuwa sakafuni, umejikunjakunja, rundo la kujaa viganja viwili. Nilipiga magoti pale pale nilipoangushwa, nikatafuta mahali Mama alipoachia na Zulekha akapokea. Kwenye kitambaa hata kipofu angepaona. Kwenye uzi sikupaona, na Shangazi alipokuja na ufagio nilimwomba angoje kidogo.