Macho Juu ya Barakoa

Mtaani walimwita Sawasawa, na walidhani wanamsifu. Ukikaa kwenye kiti chake ukamwambia punguza juu, atakujibu sawasawa. Ukimwambia mkeo amekununia tangu jana, atakujibu sawasawa, ila kwa sauti ya pole. Watu wakasema huyu ndiye kinyozi mwenye adabu, hakatizi maneno ya mtu, habishani na mtu habari za mpira wala za serikali. Kumbe nusu ya adabu ile ilikuwa uziwi.

Uziwi wenyewe haukumwingia kwa kishindo. Kwanza waliondoka ndege wa asubuhi, akadhani wamehama. Kisha ikaondoka simu, kisha mvua juu ya bati, kisha mkewe. Yaani mkewe hakwenda popote, iliyokwenda ni sauti yake. Siku alipoweka mashine ya kunyolea karibu na sikio akahisi inatetemeka tu bila mlio, alielewa. Akamwambia mkewe, na papo hapo akamwapisha asimwambie mtu.

Utauliza, aibu ya nini? Uziwi si wizi. Nami ningeuliza hivyo kama nisingekuwa nimeishi na watu. Watu wakimjua mtu asiyesikia humpigia kelele usoni kama wanaofukuza mbuzi shambani, kisha hugeuka wakamsema mbele yake. Sawasawa alikuwa ameyaona hayo, na enzi za masikio yake aliwahi kuyacheka. Tena kulikuwa na riziki ya watoto: nani atampa koo lake mtu mwenye wembe asiyesikia hata ukiguna? Hivyo ndivyo alivyojitetea. Ukweli ni kwamba aliona aibu, basi. Ile aibu ya mtu mzima kujikwaa akaanguka mbele za watu, ila yeye aliamka nayo kila siku.

Kilichomstiri ni kioo. Kinyozi husimama nyuma ya mteja, wote wawili wakatazama mbele, na hakuna anayeshangaa kinyozi akimkodolea macho mdomoni. Mteja hudhani anapimwa mashavu. Kwa miaka mingi Sawasawa alisoma midomo kwenye kioo kile, nusu akiona, nusu akibahatisha, akawa hodari hata akayapata yale wateja waliyonong'onezana kwenye benchi nyuma yake.

Halafu ukaja ule ugonjwa wa kifua, na amri kwamba kila mtu afunike pua na mdomo. Mteja wa kwanza aliketi, akasema jambo, na kitambaa cha buluu kikatikisika kidogo. Hicho tu. Sawasawa akajibu sawasawa, akamnyoa kipara mtu aliyekuja kutengenezwa ndevu. Alijaribu kumweleza kwamba joto hili linataka kipara. Mteja alitoka ameshika kichwa kwa mikono miwili, na alikuwa na haki.

Ikabidi atafute ujanja. Alibandika ukutani picha za vichwa, kila kichwa na namba yake, mteja anyooshe kidole. Mtaa mzima ukasema Sawasawa ameendelea. Maongezi nayo akaanza kuyasoma machoni. Nyusi zikipanda, alisema, "Loo." Kichwa kikitikiswa, alisema, "Pole." Macho yakifinyika na mabega yakitikisika, huyo anacheka, naye alicheka.

Mkewe hakuupenda mchezo ule.

"Macho si mdomo," alimwambia jikoni, akiisogeza taa karibu na uso wake ili aonekane vizuri. "Waambie watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Sina maradhi. Sisikii tu."

"Basi waambie husikii tu."

Sawasawa akageuza uso ukutani. Kwake yeye kugeuza uso ndiko kuziba masikio, na mkewe akabaki anaongea na kisogo.

Rafiki yake mkubwa alikuwa makanika wa gereji iliyo ng'ambo ya barabara. Walikua pamoja, wakaazimana mashati, wakasimamiana harusi. Hata huyo hakuambiwa. Hasa huyo. Maana mgeni akikudharau unahesabu ni mgeni, lakini rafiki akianza kukuonea huruma utamkimbilia nani?

Makanika alikuwa na baba, mzee aliyetengeneza baiskeli maisha yake yote, mtani asiye na breki. Kila wiki alikuja kunyolewa ndevu kwa Sawasawa na hakukubali mkono mwingine. Alisema vinyozi wengine wanamhubiria. Kisha mzee akaugua, wiki zikapita hajaonekana. Sawasawa aliona kiti kiko wazi, akajua kuna jambo. Kuuliza kwa simu hakuweza, na kuuliza ana kwa ana aliogopa, maana ukiuliza lazima upokee jibu. Kwa hiyo hakuuliza.

Asubuhi moja makanika akaingia na suruali ya grisi, barakoa imevutwa hadi chini ya macho. Hakunyoosha kidole kwenye picha yoyote. Aliketi tu. Sawasawa akamfunga shuka shingoni, akaanza kumpunguza upande wa kulia, na makanika akaanza kuzungumza.

Alizungumza muda mrefu. Sawasawa, akitazama kiooni, aliona macho ya rafiki yake yakifinyika, mikunjo ikijichora pembeni, mabega yakitikisika chini ya shuka, hata chozi la mtu aliyechekeshwa hadi mbavu zikauma. Akajua ni mzee yule, amepona na ametoa utani wake mwingine. Akafurahi kweli. Akacheka kichwa kikienda nyuma, kwa sababu alimpenda mzee yule.

Makanika akanyamaza. Kisha akasema jambo fupi, nyusi zimepanda, kama anayeuliza.

"Sawasawa," akajibu, kicheko bado kimo kifuani. "Sawasawa kabisa."

Makanika alimtazama kiooni. Akaifungua ile shuka mwenyewe, akasimama, akatoka upande mmoja umenyolewa na mwingine bado.

Juu ya barakoa, kucheka na kulia ni kitu kimoja. Mikunjo ni ileile, chozi ni lilelile, mabega yanatikisika vilevile. Kinachotofautisha ni mdomo. Sawasawa alilifahamu hilo mlango ulipokwisha kufungwa, na moyo ukampasuka, maana hakuna mtu anayetoka na nusu ya kichwa kwa sababu ya utani.

Angeweza kuvuka barabara. Gereji aliiona kutoka mlangoni pake, miguu ya rafiki yake imetokeza chini ya gari. Lakini kuvuka ni kuuliza, na kuuliza ni kukiri. Kesho yake gereji haikufunguliwa, na simu ya Sawasawa ikawaka mara kadhaa kwa namba ya makanika. Akamwandikia kama alivyowaandikia wote: "Niko na mteja. Andika." Hakuandikiwa. Akajifariji kwamba lingekuwa jambo kubwa angeandika. Wanaume wazima tunavyojidanganya, mtoto mdogo angetucheka.

Habari ililetwa na mkewe. Aliingia dukani, akafunga mlango, akavua barakoa.

"Mzee wa baiskeli amefariki. Wamemzika asubuhi." Akangoja aone kama yamefika. "Wanasema uliitwa ukamnyoe kabla hajafa. Ukacheka, ukasema sawasawa, na hukwenda."

Sawasawa akaketi kwenye kiti cha wateja. Kwenye kioo alijiona mwenyewe, na hakupenda kumwona mtu yule. Aliyafunika macho kwa viganja. Mkewe alimwacha akae hivyo, kisha akaishusha mikono yake polepole ili aweze kumwambia mengine.

"Twende tukawape pole. Nitasema ulishikwa na homa. Mtu mwenye homa anaweza kucheka ovyo."

Ulikuwa uongo mbovu, na Sawasawa aliukubali haraka hata mkewe akashangaa.

Uani kwa makanika kulikuwa na viti vya plastiki na watu wameketi mbali mbali, wote wamefunikwa hadi puani. Alipopita walimtazama. Hakujua wanasema nini, na safari hii hakuhitaji kujua. Makanika alikuja kuwapokea akiwa na kofia iliyovutwa hadi masikioni. Sawasawa alijua ile kofia inaficha nini, uso ukamshuka.

Mkewe akaanza. Kwa barakoa yake hakuweza kumsoma hata yeye, ila aliuona mkono wake ukigusa paji la uso kuonyesha homa, akajua uongo umeshika njia. Macho ya makanika yakafinyika. Ilikuwa mikunjo ileile. Labda alikuwa akilia, labda alikuwa akisikia kinyaa, labda alikuwa anaamini. Sawasawa aliona kwamba akinyamaza tu, huenda akasamehewa kwa homa ambayo hakuugua, na rafiki yake atarudi kwenye kile kiti na kumwambia mambo mengine mazito, naye atayajibu tena sawasawa.

"Sikukusikia," alisema.

Mkewe akamshika mkono. Akautoa.

"Sikuwa na homa. Sisikii. Mimi ni kiziwi, ni miaka sasa. Nilikuwa nakusoma mdomo kwenye kioo. Siku ile niliona macho yako nikadhani unacheka."

Mtu asiyesikia hajui sauti yake ina ukubwa gani. Alidhani amemnong'oneza rafiki yake. Alipoona viti vyote vimegeuka, hata akina mama waliokuwa wakiosha vyombo wamesimama na sahani mikononi, alifahamu kwamba siri yake ya miaka yote ameipigia kelele msibani kwa watu. Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyayo. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi haijawahi kumsaidia mtu kwa jambo hilo.

Makanika alimshika bega, si kwa upole, akamwingiza chumbani kwa mzee. Godoro la kitanda lilikuwa limekunjwa. Akafungua dirisha, akasimama kwenye mwanga, akashusha barakoa. Ndipo Sawasawa akauona uso wote: midomo imepasuka, kidevu kinatetemeka.

"Miaka yote hiyo," makanika alisema. "Nilikuambia habari za ndoa yangu kwenye kile kiti. Nilikuambia habari za mtoto tuliyempoteza. Ulikuwa unasikia nini?"

"Hayo niliyaona yote. Hayo nayajua. Ni barakoa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu."

"Aibu." Makanika aligeuka akatazama nje, akasema mambo mengine akielekea huko dirishani, na Sawasawa akaona kisogo tu. Hakumwambia ageuke. Hakuona kama ana haki hiyo. Baadaye makanika aligeuka mwenyewe, akakumbuka.

"Hukuyapata hayo?"

"Hapana."

"Si kitu. Yalikuwa matusi." Akavuta pumzi. "Unajua nilichokuambia siku ile?"

"Nimeambiwa na mke wangu."

"Mke wako hakuwepo. Kaa hapo. Nitakuambia tena."

Sawasawa akaketi ukingoni mwa kitanda. Makanika akaanza, akifungua mdomo kwa nguvu, neno moja moja, kama watu wanavyofanya kwa viziwi, na maneno yakaharibika.

"Sema kama kawaida," Sawasawa alimwomba. "Ukikaza mdomo siyaoni."

Makanika akasema kama kawaida. "Nilikuambia hospitali wamemrudisha baba nyumbani, hawana la kumfanyia. Nilikuambia anakutaka. Amekataa nisimnyoe mimi, amekataa ndugu zangu, anasema hawezi kwenda kukutana na marehemu mama akiwa na ndevu za beberu. Nikakuomba uje kesho yake. Hayo ndiyo uliyoyacheka."

Mtu mwenye aibu huinamisha macho. Hata mtoto akikaripiwa hutazama vidole vyake vya miguu, akapumzika huko kidogo. Sawasawa hakuwa na pa kupumzika. Akiinamisha macho tu, rafiki yake atakuwa anasema peke yake kwa mara ya pili. Akamkazia macho mdomoni, na aibu ikamwingia yote kupitia huko.

"Asubuhi aliuliza kama umefika. Nikamwambia uko njiani. Nikakupigia. Mchana akauliza tena, nikamwambia uko njiani. Akaomba aletewe maji ya moto yawe tayari, usije ukangoja. Nikayaweka hapo, kwenye hicho kigoda. Yakapoa, nikapasha mengine. Jioni hakuweza tena kuuliza, akawa anajipapasa kidevu tu na kutazama mlango, na mimi..."

Machozi yalikuwa yamemjaa Sawasawa, na midomo ya makanika ikatawanyika ndani yake, ikapotea.

"Subiri," alisema, akijifuta kwa kiganja, kisha kwa mkono wa shati. "Subiri kidogo. Sikusikii."

Makanika akasubiri, midomo imefungwa, mpaka macho yale yalipokauka. Kisha akaendelea.